Najua cha kula na cha kuacha, shida ni kichwa. Nyinyi mlitoaje haya mawazo?

NyarKano_Manyatta

Wadau habari zenu. Sitafuti dayati, wacha niseme hio mapema kabla mtu aniambie nikunywe maji ya ndimu asubuhi. Niko Kisumu, Manyatta, miaka thelathini na kitu, kazi yangu ni kukaa kwa kaunta siku nzima huko mjini. Juzi nilienda kupimwa sukari ju mama anayo na shangazi zangu pia wanayo, nikapimwa asubuhi kabla ya kula ikasoma 6.2, daktari akasema si ugonjwa bado lakini nimefika kwa mpaka, nipunguze wanga na soda na mafuta, nitembee, nirudi nipimwe tena. Sawa. Lakini hakuna kitu aliniambia sikuwa najua. Hapa Kisumu nani hajui samaki ngege ya kuchemsha na mboga ya osuga ni bora kuliko chipsi na smoki?

Shida yangu ni maneno yenye yanakuja kwa kichwa saa ile chakula iko mbele yangu. Nimeanza kuyasikiliza siku hizi na ni yale yale tu kila mara. Moja ni "nishaharibu". Nikikula mandazi mbili saa nne ju mtu wa ofisi ana bathdei, basi hio siku imeenda, nasema wacha nimalizie tu nitaanza Jumatatu, na jioni nikipita Kondele nachukua chipsi, nachukua soda, nafika nyumbani napika ugali pia ju kwetu bila ugali hujakula. Ingine ni "kwetu tuko hivi", yaani mama mnene, nyanya alikuwa mnene, wote sukari, sasa mimi najisumbua na nini na ni damu? Halafu kuna sahani. Nimelelewa usiache kitu kwa sahani, hata nikishiba namaliza, hata ya mtoto akiacha namalizia yeye akienda kucheza.

Na kuna hii ingine ndio ngumu kabisa. Kuna wakati nilipungua kidogo, nilikuwa natembea kwenda kazi na nilikuwa najisikia poa sana. Nikaenda nyumbani. Shangazi akanisalimia vizuri halafu akanishika hapa karibu na shingo, kwa huu mfupa wa juu ya bega, akauminya kidogo na kidole, akamwangalia mama. Hakusema kitu. Mwenye anatoka huku anajua huko kunyamaza maana yake ni nini. Nilirudi Kisumu nikakula mpaka mashavu ikarudi.

Sasa swali, kuna mtu ametoa haya mawazo kwa kichwa akafaulu? Ulifanyaje? Najua hata nikipewa karatasi ya chakula na mtaalamu nitaenda nayo wiki moja halafu hayo maneno yatarudi.

Mkali_wa_Section58

Dada kula nusu. Umemaliza. Mimi huku Nakuru nilikata soda nikaanza kutembea kutoka kwangu hadi mjini na suruali zote zikawa kubwa. Mambo ya mawazo sijui ya akili mnajipatia kazi bure.

Kasuku_Mpole

@Mkali_wa_Section58 si angekula nusu kama angeweza bro, ndio maana ameuliza. Soma swali kwanza.

Nasi_wa_Lurambi

NyarKano, mimi ni nasi, yaani muuguzi, nafanya kliniki ya sukari na presha huku Kakamega, na ukweli ni kwamba wagonjwa wengi wanaokuja kwangu wanajua chakula karibu kunishinda. Mtu anakutajia wimbi, mboga ya tsisaga, avokado, kila kitu, halafu mashine inasoma 14. Kwa hivyo umeuliza swali lenye wengi hawaulizi.

Wacha nianze na "nishaharibu" ju hio naisikia kliniki kila siku. Kuna jaribio la zamani la Marekani lilichapishwa 1975, lilifanywa na watafiti wawili, Herman na Mack. Walichukua wasichana wa chuo, wengine wakapewa milkisheki kwanza, wengine hawakupewa, halafu wote wakawekewa aiskrimu wakaambiwa waonje waseme utamu wake, wale kiasi chenye wanataka. Wale ambao hawana habari na dayati walifanya venye ungetarajia, aliyekunywa milkisheki alikula aiskrimu kidogo ju ameshiba. Lakini wale wa kujinyima, wa kuhesabu kila tonge, wakishakunywa milkisheki walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao wa kujinyima ambao hawakupewa kitu. Yaani ameshajaza tumbo na ndio anazidisha! Njaa haikuweko hapo. Sheria yake ya siku ilikuwa imevunjika, akaona hakuna cha kuokoa tena. Sasa angalia siku yako ya bathdei. Mandazi mbili zingepita tu na mwili ungezimudu. Chipsi, soda na ugali ya usiku zililetwa na hilo neno.

Watu wakisikia hivi wanadhani dawa ni kukaza zaidi. Mimi huwaambia walegeze. Ukiapa hutagusa mandazi maisha yako yote umejitegea mtego mwenyewe, siku ya mandazi ya kwanza umeanguka. Panga kwamba mandazi nitakula moja nikitaka, na chakula kinachofuata kinabaki vile kilikuwa, hakipunguzwi kama adhabu na hakiongezwi. Na usiruke chakula cha mchana ati unalipia mandazi, ju saa kumi na mbili jioni ukifika Kondele na njaa ya siku nzima hakuna mawazo mazuri yatakusaidia pale mbele ya karai.

Halafu chukua daftari ndogo. Kila ukila kitu hukuwa umepanga, andika lile neno lililokuja kabla, vile vile lilivyokuja, kama lilikuja kwa Kijaluo liandike kwa Kijaluo. Kalori usiandike. Ukikaa nayo kitambo utaona ni maneno machache tu yanazunguka, na wewe umeshaanza kuyajua bila daftari. Hapo sasa ukae na moja moja ulihoji: nani aliniambia hii? iko na ukweli kiasi gani? ningemwambia dada yangu hivyo? Usiandike uongo mtamu wa kujifariji ju kichwa hakiamini, andika kitu chenye unaweza kusimama nacho. Hii njia si yangu, kuna daktari wa Marekani Aaron Beck aliianza miaka ya 1960 akitibu watu wenye huzuni kali, na siku hizi inatumika hata kwa shida za kula.

"Kwetu tuko hivi", hio ina ukweli ndani yake na ndio maana inashika. Ukiwa na mzazi mwenye sukari uwezekano wako unapanda, siwezi kukudanganya. Lakini Marekani kulikuwa na utafiti mkubwa matokeo yake yakatoka 2002, watu zaidi ya 3,000 wenye sukari ya mpakani kama yako, na wengi wao walikuwa na jamaa wenye ugonjwa. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza kama asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki. Hao, ukiwalinganisha na waliopewa vidonge bandia, wachache zaidi walifika kwa sukari kamili, pungufu ya asilimia 58. Waliopewa metformin, dawa ya sukari, ilikuwa pungufu ya asilimia 31. Kwa hivyo damu iko, na kutembea pamoja na kupunguza kilo kumeshinda dawa. Asilimia 7 ya mtu wa kilo 85 ni kilo sita tu, si kukonda kwa kutisha shangazi.

Ukirudi omba pia kipimo cha HbA1c, kinaonyesha sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita badala ya asubuhi moja. Na jambo la mwisho naliuliza kila mtu: kama unakula kwa kujificha, unashindwa kabisa kuacha hata ukiumia tumbo, ama unajitapisha, hio imepita mambo ya daftari, tafuta mshauri ama daktari wa akili. Ni ugonjwa unatibiwa.

MamaSamaki_Dunga

Nyathina, mimi ni mama wa samaki Dunga, nimekaanga mbuta huko tangu watoto wangu wadogo na sasa ni wazazi. Hio ya shangazi kukushika mfupa nimeirudia kusoma.

Nyinyi mnaisikia tu, sisi tuliiona. Miaka ya tisini huku ziwani tulikuwa tunazika kila Jumamosi, dawa za HIV, hizi ARV, hazijafika, na mtu alikuwa anaanza kwa kukonda. Nguo inaning'inia, mashavu yanaingia ndani, wengine wanasema ni chira, amevunja mila, wengine wanakuangalia tu wananyamaza. Kwa hivyo mama akiona mtoto wake amenona alikuwa anashukuru Mungu kabisa, mwili ndio ulikuwa cheti cha afya. Shangazi yako hakukufanyia ubaya, aliogopa, na huo woga wakati ule ulikuwa na sababu. Saa hii mtu anameza dawa yake na ana mwili kunishinda mimi, hata mwenye anataka kupima watu kwa macho atapima nini? Lakini woga wa watu wa umri wangu bado uko pale pale, usitegemee utaisha kwa sababu wewe umesoma.

Mimi sukari ilinipata ukubwani. Nikapungua, rinda langu la kitenge likawa linazunguka kiunoni peke yake nikitembea, nikapeleka kwa fundi Kibuye alipunguze kwapani. Akalipunguza. Niliporudi tena na ingine akaweka tepu chini akaniuliza pole pole, mama, uko sawa? Nikajua basi soko lote linaongea. Unajua nilifanya nini? Nilitangaza. Mwenzangu wa meza ya pili akiniuliza namjibu kwa sauti hata wanunuzi wasikie, nina sukari, daktari amesema nipunguze kilo, na HIV pia nimepimwa ukitaka nikuletee karatasi uweke kwa ukuta wa banda lako. Walicheka sana. Ikaisha hapo.

Wewe si lazima upige kelele kama mimi. Lakini nenda kwa shangazi KABLA hujapungua. Keti naye jikoni, umwambie shangazi nimepimwa, sukari yangu imekaribia ya mama, daktari anataka nitoe kilo kadhaa mwaka huu, ukiniona nimepungua usiogope ni mimi nimetaka. Na umwombe yeye ndiye awaambie wengine. Mtu mzima akipewa habari ya kwanza anakuwa askari wako, mwingine akianza kunong'ona atamnyamazisha yeye.

Na samaki msiogope jameni, mnatuua biashara. Itengeneze mchuzi na nyanya na kitunguu.

Fundi_Obunga

Na heshima zote kwa nasi na mama, mimi naona hii ni stori ya watu wako na friji. Niko mjengo, natoka giza imeingia, gesi imeisha, unataka nianze kuchambua osuga saa ngapi na nipike na nini? Chipsi iko njiani, iko moto, iko bei yangu. Hapo hakuna imani, hapo ni mfuko na masaa. Mtu akikula vibaya si kila mara kichwa kinamdanganya, wakati mwingine ni venye maisha iko.

Nasi_wa_Lurambi

Fundi hapo umenena na sikupingi. Watu wanahubiriwa dayati kana kwamba kila mtu ana jiko tatu na msaidizi wa nyumbani. Na wewe unabeba mawe, ugali wako usipunguze kwa sababu ya uzi wa mtu wa kaunta, mwili wako unauchoma.

Ila nikuulize moja tu. Lanchi unakunywa nini?

Fundi_Obunga

Soda ya nusu lita. Na mkate. Wueh nimeona unaenda wapi.

Nasi_wa_Lurambi

Hehe. Hio chupa moja ina sukari kama gramu 50. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa ikae chini ya asilimia 10 ya nguvu ya chakula chako cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja ni kama mara mbili ya hio. Na hio haina uhusiano na gesi wala friji, maji ni rahisi kuliko soda. Kwa nini soda basi?

Fundi_Obunga

Sijui. Ukikunywa maji mjengo watu wanaona umesota. Na soda inapatia nguvu, hio kila mtu wa mjengo atakuambia.

Sawa basi, hio ni imani, nimekubali. Hio moja tu. Na kama tunasema ukweli hata hizo mboga, nilipotoka nyumbani kuja tao nilikuwa naona osuga na apoth ni chakula ya ushago, mtu amefika tao anakula kuku. Saa hii naenda hoteli kubwa mtu wa suti analipia apoth pesa ya kuku wangu mzima.

Kasuku_Mpole

😂😂 na nyoyo je? Pale kwa mama wa nyoyo steji unapata mahindi na maharagwe bakuli kubwa, ukibeba unapasha tu nyumbani, hata usipopasha unakula. Inashikilia tumbo kuliko chipsi mara kumi. Lakini mwambie mtu wa umri wetu akule nyoyo jioni akuangalie, "kwani niko bording?"

NyarKano_Manyatta

Asanteni nyote, kweli. Mama wa Dunga umeniliza kidogo hapa ofisini, sikuwahi kuwaza shangazi aliogopa, nilidhani ananihukumu. Nitaenda. Erokamano.

Nasi, daftari nimeanza jana, liko kwa droo ya kaunta. Neno la kwanza limekuja na sikulitarajia, lilikuwa "leo umeteseka, unastahili". Kumbe kuna hio pia. Customer alinitukana asubuhi ju ya risiti na saa nne nikajikuta natafuta mtu wa samosa. Sasa hio ndio sijui niifanye nini ju ni kweli niliteseka!

Ya sahani nimeamua napakua mimi mwenyewe na nimepunguza sahani, nimetoa zile kubwa za melamini nimechukua za mtoto, na chakula ya mtoto ikibaki inafunikwa inakuwa yake ya saa kumi. Kumaliza nitaendelea kumaliza ju kuacha siwezi, mama yangu ananiona hata akiwa Ahero.

Lakini kuna swali moja na hapa naomba watu wa western yote mnisaidie. Matanga. Karibu kila wikendi niko matanga ama harambee ama dowry. Pale wanakupakulia, mchele, nyama, ugali, soda imefunguliwa tayari, na ukikataa umetukana wenye msiba. Hapo mnafanyaje?

Nasi_wa_Lurambi

Hio ya "unastahili" usipigane nayo, uko sawa, uliteseka na unastahili kitu. Swali ni kama samosa ndio kitu. Kuna mgonjwa wangu alikuwa akitukanwa anatoka nje anampigia dada yake wanasengenya dakika tano, anarudi amepoa. Siku zingine alikula samosa bado. Hakuna neno.

Mwalimu_Mbale

Matanga niulizeni mimi, huku Vihiga mimi ni mtu wa kamati, karibu kila Ijumaa jioni niko chini ya hema la mtu.

Kwanza ujue hakuna mtu anaangalia umekula kiasi gani. Wanaangalia kama umekula. Hayo ni mambo mawili. Sahani iko mkononi na kuna kitu ndani, mdomo unatembea, umewaheshimu wenye boma. Shida inaanza ukikaa mikono mitupu ama sahani yako ikiwa safi, hapo mama wa jikoni anakuja na sufuria na hakuna lugha utaongea akuelewe. Kwa hivyo usimalize haraka. Mimi nachukua mboga nyingi, nyama vipande viwili, ugali kipande, halafu nakula pole pole nikipiga stori na wazee mpaka watu waanze kunawa. Sahani yenye bado ina kitu haiongezwi.

Pili, fika ukiwa na kazi. Mtu wa kugawa maji, wa kuandika michango, wa kushikilia hema lisipeperushwe, huyo hakuna anayemuuliza amekula nini. Wakikuuliza unasema nitakula na wenzangu wa jikoni, na jikoni unajipakulia.

Kwa wakwe ni ngumu zaidi, hapo siwezi kukudanganya. Kuku amechinjwa kwa ajili yako. Hapo nakula tu, nakula vizuri, na Jumapili jioni narudi kwa mpango wangu. Sijawahi kuona mkwe akileta mtu sukari kwa kuku moja, ni hizo siku zingine.

MamaSamaki_Dunga

Mwalimu amesema vizuri. Soda ya matanga pokea na mikono miwili, sema asante, onja, halafu tafuta mtoto. Watoto hawakosekani matanga.

Mkali_wa_Section58

Lakini si mwishowe ni kula nusu? Nilisema.

Kasuku_Mpole

Wewe 😂

Fundi_Obunga

Niko na matanga Jumamosi hii huko Yala. Hio ya kushikilia hema naenda kuijaribu, lakini nyama yangu mwalimu usiniguse.